Mzazi Asiye na Mtoto

Mwanamke akijifungua Bagamoyo, nyumba hujua la kufanya. Mama yake huja, au yeye hurudishwa kwao. Maji huchemshwa asubuhi na jioni, akandwe kiuno na tumbo kwa kitambaa cha moto. Tumbo hufungwa mkaja. Uji huletwa umekolea pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji huletwa na tangawizi, na chai haikosi mdalasini na iliki. Hapiki, hafagii, habebi ndoo. Akilala mchana hakuna wa kumwita mvivu. Hayo huendelea mpaka arobaini itimie.

Mwanamke huyohuyo mimba ikimtoka ikiwa na wiki tisa, kesho yake yuko bombani na ndoo kichwani. Kama imetoka yenyewe, huenda akapewa pole za chinichini na siku mbili za kujinyoosha. Kama ameitoa kwa vidonge, hata hizo hapati, kwa kuwa hakuna anayejua, au wanaojua wamenyamaza. Damu imemtoka. Tumbo limemkata. Mwili uliokwisha kujiandaa kubeba mtoto umegeuzwa njia ghafla, na matiti yanaweza hata kumvimba na kutoa maziwa kidogo kama mimba ilikuwa imekua. Lakini hakuna maji yanayochemshwa kwa ajili yake.

Sura hii ni yake. Nyumba ikimnyima uangalizi, wauzaji humpa wa kwao. Kwenye maduka ya dawa za asili ya Kariakoo, kwenye meza za stendi, na siku hizi kwenye simu yake mwenyewe, ataahidiwa unga wa kusafisha kizazi, vidonge vya kurudisha homoni na mafuta ya Kihindi ya kupaka tumboni. Bidhaa nyingi za aina hiyo hubandikwa jina la Ayurveda, tiba kongwe ya Bara Hindi, na jina hilo huzipandisha bei. Nataka tuone tiba hiyo inasema nini hasa kuhusu mwanamke aliyetokwa na mimba, inakutana wapi na desturi zetu za pwani, na ni kipi kinafaa kuingia kwenye nyumba ya Ubena au Mlingotini na kipi kiishie nje ya mlango.

Kwanza tuondoe ugeni, maana Bara Hindi na pwani hii havijaanza kujuana jana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kinachojulikana kama Periplus, kinataja samli na mafuta ya ufuta yakipakiwa Gujarat na kupelekwa kwenye bandari za Pembe ya Afrika. Kituo cha mwisho kabisa cha kusini kinachotajwa humo, Rhapta, wanahistoria wamekitafuta kwenye ufukwe wa Tanzania. Manjano yametoka Asia, na vivyo hivyo mwarobaini na mlonge. Mbarika, ambayo mafuta yake tunayaita nyonyo, ilikwenda kinyume: asili yake ni upande wetu huu wa Afrika, na waganga wa Kihindi wakaipa cheo kikubwa katika dawa za kiuno na tumbo. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa na mtaa mzima wa wafanyabiashara wa Kihindi. Mmoja wao, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa jengo la shule mjini hapo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome pamoja, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam ambayo baadaye ilizaa Muhimbili. Jina lake bado liko kwenye jengo la wodi pale.

Wahindi hao hawakuja na vitambaa na bidhaa za biashara tu. Walikuja na mapishi yao pia. Katika nyumba za Wagujarati, hata hizi za Upanga na Kisutu, mzazi huandaliwa katlu, kitamu kizito cha samli, gundi ya mti na viungo ambavyo kwa desturi huhesabiwa kuwa 32. Bibi wa Kikwere aliyempikia binti yake uji wa pilipili manga angeonja kipande kimoja na kuelewa kila kitu. Na ukitaka kujua Ayurveda imepanda kiasi gani machoni pa dunia, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha kimataifa cha tiba asili mjini Jamnagar, katika jimbo hilohilo la Gujarat ambako familia nyingi za Kihindi za pwani yetu zilitoka.

Fikra iliyo chini ya desturi hizo mbili ni moja. Ayurveda inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu, na ya kwanza ni vata, yaani upepo. Mimba ikitoka, iwe kwa kuzaa au kwa kuharibika, tumbo hubaki tupu, upepo huingia, nao ni mkavu na wa baridi. Moto wa tumbo unaosaga chakula hufifia. Tiba yake ni kinyume cha upepo: joto, mafuta, chakula laini kinachoshuka bila kazi, na utulivu. Pwani wanawake husema baridi isimwingie mzazi, na wakati wa kueleza chango husema baridi imekaa tumboni. Sehemu ya maneno hayo tumeyarithi kwa Waarabu na tiba yao ya Kiyunani, sehemu nyingine ni uzoefu wa bibi zetu wenyewe. Upepo na baridi hiyo havionekani kwenye kipimo chochote cha hospitali. Hata hivyo matendo yanayotokana navyo, yaani kumlaza mtu, kumpa joto, kumlisha uji na kumwondolea kazi, ni matendo ambayo daktari yeyote mwenye akili angeyaandika kwenye cheti.

Vitabu vya Ayurveda vilimkumbuka hata mwanamke tunayemzungumzia. Sushruta alitenganisha mimba inayotoka kabla ya mwezi wa 4 kumalizika na ile inayotoka mwezi wa 5 au wa 6. Vagbhata, aliyeandika yapata karne ya 7, alitoa utaratibu: mwanamke apewe kwanza kileo kikali kadiri ya uwezo wake, kwa shabaha mbili, kizazi kisafike na uchungu usahaulike. Kisha afuatishiwe uji mwepesi na vyakula laini kwa siku zinazolingana na miezi ya mimba. Mimba ya miezi 3, siku 3. Ya miezi 5, siku 5. Baada ya hapo ndipo mafuta na vyakula vya kujenga mwili.

Nimelisoma agizo hilo mara nyingi na linanigusa kila mara, kwa sababu mzee huyo wa miaka zaidi ya 1,300 iliyopita aliona mambo ambayo nyumba nyingi za leo hazitaki kuyaona: kwamba mwanamke huyu ana uchungu, na kwamba anastahili ratiba yake. Lakini ndani ya agizo hilohilo zimo nia mbili zisizofanana. Moja ni kumtunza. Nyingine ni kumsafisha. Desturi zetu nazo zimebeba nia zote mbili pamoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Kutunza tukuchukue kwa mikono miwili. Kusafisha tukuache, na nitaeleza sababu.

Kabla ya hapo nigusie dini, kwa kuwa pwani hii huwezi kuzungumza juu ya damu ya mwanamke bila fiqhi. Waislamu wengi wa Bagamoyo wanafuata madhehebu ya Shafii. Humo, damu ya nifasi inayofuata uzazi kwa kawaida huwa siku 40 na haizidi 60, na wanazuoni wa madhehebu hayo wanaihesabu kuwa nifasi hata pale kilichotoka kilikuwa pande la nyama tu, lisilo na umbo la mtoto. Maana yake ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwanamke ambaye mimba imemtoka anaachishwa sala na saumu kama mzazi mwingine yeyote. Dini imeshampa nafasi ya uzazi. Nyumba ndiyo inayomtuma kuchota maji.

Sasa tuutazame mwili wenyewe. Vidonge vya kutoa mimba ni vya aina mbili, mifepristone na misoprostol, na huku kwetu mara nyingi mwanamke hupata misoprostol peke yake, ile inayoitwa miso mitaani. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Tanzania iliisajili mwaka 2007 kwa ajili ya kuzuia wanawake kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, na imeokoa wengi. Hukaza misuli ya kizazi, na hiyo ndiyo sababu ya maumivu na damu. Pia huleta kutetemeka na homa ya saa chache, jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi. Wanatetemeka usiku chini ya blanketi na kuamini kuwa baridi imeshawaingia, kisha wanakimbilia dawa kali za kuitoa. Homa inayotokana na dawa hupungua yenyewe ndani ya siku hiyo. Inayoendelea kupita saa 24, au inayoanza siku za mbele, ni habari nyingine, nayo inahitaji hospitali.

Damu kwa kawaida huwa nyingi saa za mwanzo, kisha hupungua na kuendelea kwa wiki moja au mbili, na matone yanaweza kuonekana mpaka hedhi inayofuata. Kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuonyesha mimba kwa hadi wiki nne baada ya mimba kutoka, kwa hiyo mwanamke asijipime siku ya kumi akachanganyikiwa na kumeza tena vidonge. Kizazi hujirudisha chenyewe. Hakihitaji unga, hakihitaji chupa, hakihitaji mtu wa kukisukuma. Kinachohitaji msaada ni mwenye kizazi.

Basi tuanze na maji ya moto, kwa kuwa hapo bibi zetu walipatia. Joto la wastani juu ya tumbo la chini hupunguza maumivu ya kizazi kinachokaza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga inatosha, pamoja na dawa ya maumivu ya kawaida kama ibuprofen kwa asiyekuwa na vidonda vya tumbo. Kukanda kuwe ni kuweka kitambaa na kukiacha. Yule mkandaji anayekandamiza kwa viganja ili mabaki yashuke, huku mwanamke akiuma kanga, aambiwe asitishe. Kama kuna kipande kimebaki ndani, mikono ya nje haitakitoa, na kama kuna maambukizi, kukandamiza huongeza mateso na kuchelewesha tiba.

Mafuta nayo yana nafasi yake. Ayurveda inapenda mafuta ya ufuta ya vuguvugu, yapakwe miguu, mgongo na kichwa, polepole, na mtu anayempenda mgonjwa. Ya nazi yanafaa vilevile, na pwani hatuyakosi. Hakuna mafuta yanayoingia kwenye kizazi kupitia ngozi ya tumbo, na anayeuza kwa madai hayo anadanganya. Thamani ya kupaka iko kwenye mkono: mwanamke aliyejificha na siri yake siku kadhaa, mtu anapomshika miguu na kumpaka mafuta bila kumuuliza swali, hulia, na baada ya kulia hulala. Nyonyo ya kunywa ni jambo jingine kabisa. Humharisha mtu ambaye tayari amepoteza damu na maji, na kumwacha akiyumba. Isinywewe.

Chakula ndicho kiini, na ndicho ninachotaka kukaa nacho zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya wanawake 4 katika kila 10 wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Kwa hiyo mwanamke wa Ubena Zomozi anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya Morogoro huenda aliingia kwenye mimba hiyo damu ikiwa tayari pungufu. Akitokwa na nyingine kwa wiki mbili, kizunguzungu anachokipata akiinuka hakina uhusiano na upepo wala jini. Ni madini ya chuma.

Hapa uji wa Vagbhata na uji wa bibi vinasaidia siku za kwanza, tumbo linapochafuka na hamu ya kula imekwisha. Uji wa ulezi una faida kuliko wa sembe nyeupe. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, pilipili manga na mdalasini hufanya kinywa kitamani tena. Kijiko cha samli au tui la nazi humpa nguvu asiyeweza kula kingi. Uwatu, ambao Wahindi na Waarabu wote humpa mzazi, unaweza kuwekwa kidogo kama kiungo, lakini usikolezwe mno kwa mwanamke huyu: sifa yake kubwa ni kuongeza maziwa, na maziwa ndiyo asiyoyataka.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne, uji peke yake ni kumwonea. Anahitaji maini, dagaa, samaki, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, matembele. Chuma cha kwenye majani na kunde huingia mwilini kwa shida, na ndimu, ukwaju au chungwa linaloliwa pamoja nacho husaidia kiingie zaidi. Chai hufanya kinyume. Huzuia chuma kisifyonzwe. Chai yetu ya viungo tunayoiona kuwa dawa basi inywewe saa moja au mbili mbali na mlo, na tangawizi ichemshwe kwenye maji matupu kama inatakiwa wakati wa kula. Vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki ni bora kuliko dawa yoyote ya kuongeza damu inayouzwa kwenye chupa nyekundu, hata iandikwe Kisanskriti mgongoni.

Nije kwenye kusafisha. Dhana ya kwamba kizazi kimebaki na uchafu unaotakiwa kutolewa ina nguvu za ajabu kwenye ukanda huu, na ina sababu. Wazaramo na Wakwere ni watu wa ukoo wa upande wa mama. Tumbo la binti ndilo mlango wa ukoo mzima. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi Bunju, kijiji cha pwani kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, katika miaka ya 1960, alionyesha kwenye kitabu chake cha 1970 jinsi jando, unyago na uganga wa Wazaramo vinavyozunguka suala la uzazi. Sanamu ndogo ya mwana hiti anayokabidhiwa mwali akiwa ndani inazungumzia jambo hilohilo. Kwa mwanamke aliyelelewa hivyo, hofu ya kuharibu kizazi ni hofu ya kukata ukoo. Muuzaji anayemwambia "usiposafishwa hutazaa tena" ameushika moyo wake, na bei yoyote atalipa.

Ukweli ni kwamba mimba iliyotoka vizuri, bila maambukizi, haimharibii mwanamke uwezo wa kuzaa. Kinachoharibu ni vijidudu vinavyopanda kutoka ukeni kwenda kwenye kizazi na mirija, wakati mlango wa kizazi bado haujafunga. Na njia kubwa ya kuvipandisha ni hiyo hiyo kazi ya kusafisha. Karafuu iliyofungwa kwenye kitambaa na kuingizwa ukeni, shabu ya kukaza, vidonge vya mitishamba vya kuweka ndani, maji ya mwarobaini ya kujitia kwa mpira, mvuke wa kukalia unaoweza kumbabua mtu pabaya: vyote viachwe, angalau mpaka damu ikatike, na kwa maoni yangu hata baada ya hapo. Ukeni kusiingie kitu. Maji safi ya nje yanatosha.

Dawa za kunywa za kusafisha zina ubaya mwingine, nao ni wa siri zaidi. Baadhi huchochea kizazi kikaze na damu itoke. Mwanamke akiona damu anasema dawa inafanya kazi, uchafu unatoka. Kumbe huenda kuna kipande kimebaki, damu haikati kwa sababu hiyo, na kila siku anayokunywa dawa ni siku aliyochelewa kufika hospitali. Zamani za Vagbhata hapakuwa na njia ya kujua. Leo mhudumu aliyefunzwa humpima, na kama kuna mabaki humpa dawa au huyatoa kwa pampu ndogo ya mkono kwa dakika chache. Huko ndiko kusafishwa pekee kunakostahili jina hilo.

Na kuhusu vidonge na unga wa Ayurveda vyenyewe nitasema wazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wakiongozwa na Robert Saper walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakazipima. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Walirudia kwa dawa zilizouzwa kwenye intaneti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, na wakapata uwiano uleule. Kati ya 2011 na 2012 wanawake 6 wajawazito mjini New York waligunduliwa kuwa na sumu ya risasi iliyohusishwa na dawa hizo kutoka India. Risasi hujificha kwenye mifupa na hutoka mwanamke anaposhika mimba nyingine, ikavuka kwenda kwa mtoto. Anayekunywa leo ili azae kesho huenda anamwekea akiba ya sumu mtoto asiyezaliwa. Ashwagandha, inayouzwa sana kwa kurudisha nguvu za wanawake, ilipigwa marufuku nchini Denmark mwaka 2023, baada ya wataalamu wao kueleza wasiwasi juu ya athari zake kwenye homoni na kwenye mimba.

Sisemi haya kuitukana tiba asili. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, ina Baraza lake, na kitengo cha utafiti wa tiba asili kilichoanzishwa mwaka 1974 pale Muhimbili kimekua na kuwa taasisi kamili. Dawa iliyosajiliwa ina namba, na mganga aliyesajiliwa ana cheti. Mwombe akuonyeshe. Kwa asiyekuwa nacho, nunua tangawizi tu.

Zipo dalili ambazo zikitokea uji na mkaja viwekwe kando na mtu apakiwe kwenye gari saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kulowanisha pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa moja, saa mbili mfululizo. Homa inayopita siku, au inayoambatana na uchafu wenye harufu mbaya. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kuzimia, moyo kwenda mbio, viganja kuwa vyeupe. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo au ya begani, hata damu ikiwa kidogo, yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo vidonge haviitoi. Huua kwa kupasuka. Aliyeingiziwa kijiti cha muhogo, mzizi au kitu chochote asisubiri dalili hata moja. Kutoka Ubena, Chalinze kuna kituo cha afya, Lugoba kipo kingine, Msoga kuna hospitali ya wilaya, na Tumbi mjini Kibaha ndiyo rufaa ya mkoa. Bagamoyo mjini ipo hospitali ya wilaya.

Kinachowazuia wengi wasifike huko ni woga wa sheria, na woga huo si wa bure. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inamhukumu anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na anayetoa dawa akijua matumizi yake hadi miaka 3. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, inayotambua sababu zaidi ya hiyo, lakini sheria ya nyumbani haijabadilishwa kuifuata. Hata hivyo huduma baada ya mimba kuharibika ni sehemu halali ya huduma za afya nchini, na hutolewa bila kujali mimba ilitokaje. Tiba ni ileile. Mwanamke hana haja ya kutunga hadithi ili atibiwe, ila amweleze mhudumu alichomeza na alichoingiza, kwa kuwa hilo hubadilisha dawa atakayopewa.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Watafiti wa Taasisi ya Guttmacher, wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS), walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Miaka ya nyuma, Vibeke Rasch wa Denmark na wenzake walizungumza kwa upole na faragha na wanawake waliolazwa Temeke kwa mimba zilizoharibika, na zaidi ya nusu wakakiri kuwa walizitoa. Upole ndio uliofungua vinywa. Hawa ni wake za watu, wanafunzi, mama wa watoto wanne, mabinti wa madrasa. Wamo kwenye kila mtaa wa Bagamoyo, na wengi wao walipona bila mtu kuwachemshia maji.

Lipo moja la mwisho ambalo dawa za asili hazilisemi. Yai jingine linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, kabla hata hedhi haijaonekana. Anayengoja arobaini ndipo afikirie uzazi wa mpango anaweza kuwa na mimba nyingine tayari. Njia nyingi huanza siku ileile ya matibabu, na asitoke kituoni bila kuulizia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu mama wazazi, mashangazi, somo na makungwi wa Bagamoyo, Chalinze, Bunju na vijiji vyote vya katikati. Binti akilala mchana na uso umempauka, msianze na swali la nani na kwa nini. Mpeni uji. Mwondoleeni ndoo. Mkandeni taratibu kwa kitambaa cha moto na mumpake mafuta miguuni. Mtazameni joto la mwili na damu yake kila siku. Mkiona dalili nilizozitaja, mshikeni mkono mumpeleke hospitali, na mkae naye mpaka aitwe jina.